Fundi wa Kihesa na Helikopta Asiyopata Kuiona

IRINGA. Saa moja asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mabati ya Kihesa, na Philbert Kalinga ameshika msasa lakini hasugui kitu. Mbele yake, juu ya benchi, ipo helikopta ya mninga, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Kila akitaka kuigusa, mkono unarudi.

"Naiogopa," anasema, wala haoni haya. "Milango nimetengeneza, majeneza nimetengeneza, hata kiti cha Padri. Hakuna kilichonitisha kama hiki."

Kalinga, mwenye miaka arobaini na minne, ni seremala. Mlango wake mmoja ni shilingi thelathini, na wateja wanasema haukwami hata masika. Lakini helikopta hajapata kuiona hata moja, na mtaani kwake hakuna aliyeiona. Amesikia tu kwamba ni ndege isiyokimbia uwanjani, huinuka wima pale pale ilipo kwa mapanga yanayozunguka juu yake.

Hii aliyoichonga si ya watoto kuchezea. Jumamosi ijayo itazikwa.

Aliyeiagiza ni jirani yake, Mama Evarista, mjane anayelima mahindi. Mwanawe wa pekee, Liberatus, aliingia jeshi la Keya, la Mwingereza, akapelekwa Malaya, huko Asia, kwenye vita vya msituni. Mwaka 1953, miaka mitatu iliyopita, ikaja barua. Liberatus alijeruhiwa, akachukuliwa na helikopta, akafariki kabla haijafika hospitali. Alizikwa huko huko. Barua ilikuwa ndefu, lakini mama alishika jambo moja tu, kwamba mwanawe alifia hewani.

Tangu siku hiyo, ikisikika ndege yoyote inayoelekea uwanja wa Iringa, Mama Evarista huingia ndani na kufunga mlango. "Kila mtu hufia juu ya kitu," alimwambia Kalinga. "Kitanda, mkeka, hata matope. Wangu hakufia juu ya chochote. Basi bado yuko kule juu, Fundi. Nitalalaje?"

Ndugu walitaka wazike shati lake, yaishe. Akakataa katakata. Alitaka izikwe ile ndege, ili ishuke na mwanawe ashuke nayo. Tena iwe ile ile. "Ukinitengenezea nyingine, Liberatus hatakuwamo," alisema.

Hapo ndipo usingizi wa Kalinga ulipoharibika. Angeijuaje ile ile?

Alianza misheni, ambako alionyeshwa gazeti la zamani lenye picha ya helikopta. Picha yenyewe ilikuwa ya upande mmoja. "Upande wa pili naujua mimi?" anauliza. "Mlango uko wapi? Na chini kuna nini? Nikikisia, ninamkisia mtoto wa mtu."

Akaanza kuwatafuta askari waliorudi. Kwa miezi minne amewahoji kumi na mmoja, na yote wanayosema anayachora kwenye daftari. Mrisho, muuza nguo sokoni aliyekuwa dereva wa jeshi, alimwapia kuwa helikopta ni kubwa, ina magurudumu manne, rubani anakaa juu kabisa, na ubavuni imeandikwa jina la jeshi la majini. Silvester wa Nyololo, kijiji kilicho njiani kwenda Mbeya, akaapa vilevile kuwa ni ndogo, ina magurudumu matatu, pua yote ni kioo, na ubavuni ina maduara ya bluu, nyeupe na nyekundu.

"Nikadhani mmoja mwongo," anasema Kalinga. "Kumbe wote wakweli. Zilikuwepo za aina zote mbili."

Basi akachonga zote mbili. Mapanga alikata kwenye debe, na pua ya ile ndogo akaitoa kwenye kioo cha taa ya chemli kilichovunjika.

Kisha likampata la kumpata. Miezi miwili iliyopita, koplo mmoja wa polisi alimkuta sokoni na lile daftari, lenye michoro ya ndege za jeshi na herufi za mkiani alizotajiwa na wale askari. Kwa habari za uasi zinazotoka Kenya siku hizi, nani angemwelewa? Alikalishwa kituoni tangu asubuhi hadi alasiri, akiulizwa ametumwa na nani.

"Nikasema nimetumwa na mama mmoja wa Kihesa. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuniuliza upya."

Walimwachilia na daftari lake. Alipofika nyumbani aliichoma karatasi yenye herufi za mkiani, kwa woga. Usiku akaanza kuogopa upya, maana hakuwa nazo tena kichwani.

Alibaki mtu mmoja wa kumuuliza. Silvester alikuwa amemtajia Mnyakyusa aliyempakia Liberatus kwenye helikopta kwa mikono yake, ambaye sasa hupakia magari ya mizigo Uyole, nje ya Mbeya. Kalinga akapanda basi, helikopta mbili zimefungwa kwenye shuka.

Mtu huyo anaitwa Andendekisye. Jina la baba yake ameomba tusiliandike, nasi tumekubali. Mwanzoni alikana. Alisema Malaya hajafika, hata ilipo hapajui.

Kalinga hakubishana naye. Alizitoa helikopta akaziweka juu ya magunia. Andendekisye akazitazama, akaichukua ile ndogo, akaigeuza chini juu.

"Kapu liko wapi?" akauliza.

Majeruhi, akaeleza, hulazwa ndani ya kapu refu la henzirani, zile fito za kusukia viti. Akalipima kwa viganja. Akataja rangi, kijivu cha bati lililochakaa. Akataja herufi za mkiani na tarakimu zake moja moja, na Kalinga akaandika. Ndipo akauliza swali alilotumwa na mama. Je, kule hewani, Liberatus alisema lolote?

Andendekisye alikaa chini.

"Hakufia hewani, kaka. Alikufa saa nzima kabla haijatua. Nilimshika mwenyewe, kwenye matope, kichwa chake pajani kwangu. Helikopta haikuwa inakuja kuchukua maiti. Maiti tulizika msituni tukaondoka. Nikamwambia bwana mkubwa huyu anapumua bado. Nikamfunika, nikalifunga kapu, nikawa nazungumza na Liberatus ili rubani adhani yu hai."

Kwa miaka mitatu sasa, kila gari la polisi likisimama Uyole, yeye hudhani limemfuata kwa kosa la kumdanganya ofisa wa jeshi.

Kalinga alirudi Iringa na hofu kubwa kuliko aliyoondoka nayo. Helikopta ya kweli sasa alikuwa nayo, na habari ya kuifanya isiwe na kazi. Alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu akaenda kusema.

Mama Evarista alikuwa akipukuchua mahindi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua uso.

"Kichwa kilikuwa pajani kwake?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu ile barua, asema Kalinga. Alipotulia akasema helikopta itazikwa vilevile, kwa kuwa ndiyo iliyomtoa mwanawe msituni. Ila atakayeiingiza kaburini ni yule aliyemwingiza Liberatus ndani yake.

Andendekisye amepelekewa habari hiyo na dereva wa lori. Jibu limerudi jana kwamba hawezi, anaogopa.

"Mwambie hapa hakuna bwana mkubwa," Mama Evarista amemwagiza fundi. "Nipo mimi tu. Na swali langu la kwanza ni kama amekula."

Leo Kalinga ataziandika zile herufi mkiani, koplo apende asipende. Alhamisi anapanda basi kwenda Uyole kumchukua mtu wake. Tiketi za kurudi atakata mbili, na viti ameshavipanga.

"Yeye nitamweka dirishani," anasema, "mimi nitakaa upande wa njia. Asije akanishukia Nyololo."