Mama Mkwe Apanda Kukagua Chuma cha Tani Tisini

Bembea si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wasafishaji wa jengo, kwa sababu kazi yake ni kuchunga chuma cha tani tisini kinachoning'inia kwa nyaya nene katika chumba cha juu kabisa, ghorofa ya arobaini. Upepo ukilisukuma jengo huku, chuma kinachelewa kidogo, kinalivuta kule, na jengo linatulia. Pembeni kuna mota ya kukisaidia pale upepo unapozidi. Wapangaji wanakunywa chai yao bila kuimwaga, wala hawajui kwamba Bembea yupo duniani.

Mama mkwe wake alijua kwamba yupo, na hilo ndilo lililomkera. Miaka saba alimuuliza binti yake mumewe anafanya kazi gani hasa, na kila akijibiwa kwamba anaangalia chuma, alinyamaza kwa namna ambayo Bembea aliisikia mpaka chumba cha pili. Mama huyu ameendesha mashine ya kusaga nafaka kwa miaka ishirini na miwili. Kwake yeye, mtu asiyerudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi hajafanya kitu. Na Bembea, masikini, alitamani kuliko hata kupandishwa cheo kumsikia akitamka kwa kinywa chake kwamba mkwewe ana kazi.

Basi akamwalika aje kujionea. Siku hiyo aliingia kazini mapema, akakipangusa chuma, akakipiga rangi ya bluu upande unaotazama mlango, akapaka grisi panapohitaji grisi na pasipohitaji. Kanuni inasema kabla ya kukigusa chuma ukifunge kwa pini nne nene kama mkono wa mtu, kisije kikatembea kikakubana ukutani. Ukimaliza, unazichomoa. Alizitia zote nne. Kisha akapigiwa simu kwamba mgeni yuko mapokezi, naye akatoka mbio na brashi mfukoni.

Walipofika juu, upepo ulikuwa umeshapamba moto. Bembea alianza kueleza habari za nyaya na mota kwa mikono yote miwili. Jengo likayumba. Mama mkwe akashika ukuta. Likayumba tena, taa ikacheza juu ya vichwa vyao. Bembea akakinyooshea chuma kidole, kifua mbele.

"Ona, mama, kilivyotulia. Hakitikisiki hata kidogo."

Mama mkwe akakitazama chuma, akamtazama yeye. Mkono wake ulikuwa bado ukutani, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Mota ilikuwa inanguruma, inapanda, inakwama, inapanda tena. Bembea alimweleza kwamba hiyo ndiyo sauti yake ya kawaida, jambo alilolitunga papo hapo.

"Baba, mimi nimezeeka na mota," mama mkwe akasema taratibu. "Hiyo inasukuma kitu kilichofungwa. Nani amekifunga?"

Aliyekifunga alikuwa amesimama mbele yake, brashi mfukoni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akazima mota, akapiga magoti, akachomoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikagoma. Simu nayo ikaanza kulia mfululizo: huko chini vikombe vilikuwa vinajitembelea mezani. Mama mkwe hakuuliza zaidi. Aliokota nyundo, akamsogeza mkwewe kwa nyonga kama mteja aliyevuruga foleni, akaegemeza bega kwenye rangi mbichi, akasubiri jengo lirudi upande wake, akagonga mara moja. Pini ikachomoka.

Chuma kikaanza kutembea, polepole, kizito, kama mtu anayeamshwa usingizini. Bembea akawasha mota. Safari hii haikulalamika. Baada ya dakika chache taa ikatulia, simu zikakoma, na mama mkwe, bega moja la bluu, akakaa chini akampigia binti yake. Bembea akasimama pembeni akingoja hukumu.

"Mwanangu, mumeo ana kazi," mama akasema. "Leo nimeifanya mimi, ndiyo maana najua."

Bembea alichukua nusu ya kwanza, akaifurahia mpaka macho yakamlowa. Nusu ya pili aliiacha ipite.