Mahali Nilipoandika "Hakuna Kitu"

Mwezi uliopita nilikuwa Siakago, nikifanya kibarua cha kufunga muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na kulala katika chumba cha nyuma cha duka. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na harufu. Mke wa mwenye duka alikuwa amenyunyiza maji uani ili vumbi litulie kabla hajafagia, na harufu ya udongo mkavu ulioonja maji kidogo ikapenya chini ya mlango. Niliketi kitandani nimeshika blanketi, moyo ukinienda mbio, mimi mwanamke mzima niliyezunguka miji mingi kuliko miaka niliyokaa darasani. Wengine wakisikia harufu hiyo hukumbuka mvua. Mimi hukumbuka ramani.

Ngoja niwaeleze, maana sijawahi kumsimulia mtu habari hii mpaka mwisho.

Nilikuwa darasa la sita katika shule ndogo chini ya Karurumo, pale ambapo kahawa huanza kukata tamaa na ardhi kuteremka kuelekea ukavu wa Mbeere. Mwalimu Ireri alitupa kazi ya nyumbani ya wiki mbili. Tungetembea wawili wawili na kuchora ramani ya mahali tunapoishi: mto, kanisa, mashamba, mabomba kama yapo, na kila njia. Alitufundisha kunyoosha mkono wa kulia kuelekea jua linakochomoza, kisha kupima umbali kwa hatua. "Ramani ni macho ya mtu ambaye hajafika," alisema. "Ukimdanganya, utamtumbukiza shimoni." Ramani bora ingebandikwa katika ofisi ya walimu, na mimi niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kiatu.

Nilipangwa na Nyaga, mtoto wa baba mdogo, mvulana mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Tulianza kugombana siku ya kwanza. Kutoka kanisani hadi mtoni yeye alipata hatua mia tatu na kumi, mimi mia nne na hamsini.

"Wewe unatembea kama kuku aliyefungwa kamba," aliniambia.

"Na wewe unaruka kama panzi. Mwalimu alisema hatua, hakusema kuruka."

Mwishowe tulikubaliana kwamba yeye ashike kamba ya katani tuliyoifunga mafundo, nami nishike kalamu. Mpango huo ulifaa, kwa kuwa Nyaga hakuwa na haja ya kuuliza mambo, nami sikuwa na dawa ya kuacha kuuliza.

Ukizoea njia, huioni. Nilikuwa nimepita njia ya kwenda mtoni tangu nilipobebwa mgongoni. Lakini nilipoichora kwa penseli niliona kwamba upande wa chini wa shamba letu inafanya jambo la ajabu. Inateremka imenyooka vizuri, halafu ghafla inapinda kushoto, inazunguka nusu duara, na kurudi palepale ilipokuwa ikielekea. Katikati ya duara hapakuwa na jiwe, wala shimo, wala mti mkubwa. Palikuwa na nyasi ndefu na mibarika iliyojiotea yenyewe. Nilipochora njia ya pili, ile inayotoka kwa baba mdogo, nayo ikafika hapo na kupinda upande wa pili. Kwenye karatasi paliachwa tundu jeupe kama jicho.

"Pana nini hapa?" nilimuuliza Nyaga.

"Hakuna kitu."

Nilimuuliza mama. Hakuna kitu. Nilimuuliza baba, aliyekuwa akipogoa kahawa. "Hapo? Hakuna kitu," alisema bila kuinua kichwa, na upesi mno, kama mtu anayejibu sala kanisani. Mwishowe nikamuuliza Cucu, mama yake baba, aliyeishi katika nyumba ya mbao nyuma ya yetu. Alikuwa akichambua maharagwe. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. "Hakuna kitu, Wawira," alisema.

Basi nikaanza kuangalia. Nilikaa juu ya ukingo wa bonde jioni moja na kuhesabu watu. Akina mama waliokuwa na kuni walizunguka. Katekista alizunguka na baiskeli yake, na angeokoa jasho kama angepita moja kwa moja. Hata mlevi mmoja wa kule chini, aliyekuwa akiimba na kugonga kila ua lililomkaribia, alipofika hapo alinyamaza, akazunguka vizuri kama askari, kisha akaendelea na wimbo wake. Mbuzi walikula nyasi mpaka mpakani wakageuka.  Niliona kama kijiji kizima kilikuwa kikimpisha mtu ambaye mimi peke yangu sikumwona.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, saa ambayo hata kivuli chako hujificha chini ya miguu, niliingia. Nyaga alikataa katakata. Alibaki njiani ameshika ncha moja ya kamba, nami nikaenda na ncha ya pili. Nilitenganisha nyasi kwa mikono. Zilikuwa zimenizidi kimo. Nilitarajia nyoka, au mfupa. Nilitembea hatua kumi na mbili, nyasi zikaisha.

Palikuwa na uwanja mdogo wa mviringo, safi kabisa. Udongo wake ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana, mipya, kila mmoja umelala kando ya mwenzake, hakuna hata jani moja lililoanguka juu yake. Katikati palikuwa na mafiga matatu, meusi kwa masizi ya zamani. Na harufu ilikuwa ileile niliyowaambia, ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Nilitazama huku na huku nikitafuta nyayo za aliyefagia. Hazikuwepo. Hapakuwa na unyayo hata mmoja, wa kuingia wala wa kutoka. Palikuwa na nyayo zangu tu, mbili, pale ukingoni nilipokanyaga.

Kamba ilivutwa. Nilipiga ukelele mpaka ndege wakaruka. Kumbe alikuwa Nyaga akitaka kujua kama ningali hai.

"Umeona nini?" aliniuliza tulipokuwa tumekimbia hadi mtoni.

"Hakuna kitu," nikasema. Na hivyo ndivyo nami nilivyojiunga na kijiji.

Ningeweza kuchora mafiga. Nilikuwa na alama za kila aina: msalaba wa kanisa, mraba wa nyumba, mawimbi ya mto. Lakini niliogopa, na kila mtu mzima niliyemheshimu alikuwa ameniambia maneno yaleyale mawili. Kwa hiyo katika lile jicho jeupe niliandika kwa wino, herufi kubwa, HAKUNA KITU. Mwalimu Ireri aliisifu ramani hiyo mbele ya darasa. Alisema mtoto anayethubutu kuonyesha hata mahali pasipo na kitu ni mpimaji wa kweli. Ikabandikwa ofisini.

Wiki chache baadaye mwenyekiti wa mradi wa maji alifika shuleni kuomba madawati ya mkutano, akaiona. Mradi ulikuwa na mabomba tayari na haukuwa na mchoro. Aliiazima ramani yangu, akaweka rula, akapiga mstari mmoja kutoka tangini hadi sokoni, na mstari ukapita katikati ya jicho. Kulingana na desturi ya mradi, kila boma lilipewa kipande chake cha mtaro wa kuchimba, kina cha kufika kiunoni. Pale palikuwa shambani kwetu. Kipande hicho kilikuwa cha baba, na siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi.

Baba alileta habari hiyo wakati wa chai, akiwa na furaha. Cucu aliweka kikombe chini.

"Wawira," alisema, "kwenye ile karatasi uliandika nini pale?"

Nikamwambia.

"Umeandika sawa," alisema. "Ndivyo tulivyokuambia." Hakunywa tena chai ile, wala hakula mchana, wala kesho yake.

Alfajiri ya Ijumaa nilitumwa kuchota maji mapema kabla ya shule. Ukungu ulikuwa umelala bondeni. Nilipokaribia ile kona nilisikia sauti, shwaa, shwaa, taratibu, ndani ya nyasi. Nilisimama na debe langu. Nyasi zikafunguka na mgongo wa mtu ukatoka kwanza. Alikuwa akitembea kinyumenyume, ameinama, akifagia mbele yake na kufuta kila unyayo alioacha. Alipofika njiani alijinyoosha, akageuka, na alikuwa Cucu, na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

Hakushtuka. Alinitazama kwa muda mrefu kama anayepima uzito wa mzigo kabla ya kumtwika mtu.

Aliniambia palepale, kwa Kiembu, kwa sauti ya chini. Babu alikuwa na wake wawili. Boma la mke mkubwa lilikuwa hapo, na ua wake ulipita palepale ambapo njia inapinda. Cucu alikuwa na binti wa kwanza, Wanjira, wa miaka mitatu. Alipokaribia kujifungua mara ya pili alirudi kwa mama yake, akamwacha Wanjira na mke mwenzake. Ndui ikaingia katika boma hilo. Ndani ya siku chache hapakubaki mtu wa kufunga mlango. Enzi hizo nyumba kama hiyo haikuingiwa tena. Iliangushwa juu ya wenyewe. Wazee wakakataza majina yao yasitajwe, ili ugonjwa usisikie ukiitwa ukarudi. Mtu akiuliza, aambiwe hakuna kitu. Cucu alirudi na mtoto mchanga mgongoni, ambaye ni baba yangu, akakuta njia tayari imeshaanza kuzunguka.

"Baba anajua?" nilimuuliza.

"Anajua kuzunguka," alisema. "Kesho atapiga jembe juu ya dada yake, na mimi niliapa kwa mdomo huu nisitaje."

Alichukua ufagio wake akaenda. Mimi nilibaki na debe tupu, nikijua kwamba jembe hilo nilikuwa nimelinoa mimi.

Jumamosi watu walikuja wengi, maana vipande vya jirani vilichimbwa siku hiyohiyo. Wanaume walitaniana, mtu akamwambia baba kwamba amepewa kipande cha mteremko kwa kuwa mkewe anapika vizuri. Baba alitema mate viganjani, akainua jembe. Nikapita mbele yake nikasimama mwanzoni mwa nyasi.

"Baba, usichimbe. Kuna nyumba hapa."

Vicheko vililipuka. Mwenyekiti aliifungua ramani yangu na kuwaonyesha watu. "We msichana, si huu mwandiko wako? Hakuna kitu. Tena kwa wino!"

"Nilidanganya."

"Labda ni nyumba ya panya," mmoja alisema. Nyaga alitazama miguu yake.

"Mlango wake uko wapi, basi?" baba aliniuliza. Hakuwa akicheka. Nilimwona ameshusha jembe kidogo.

"Sijui mlango. Lakini jiko liko hatua kumi na mbili kutoka hapa. Mafiga matatu. Niliingia."

Vicheko vilikatika. Hata wale waliokuwa mbali, ambao hawakunisikia, waliacha kuchimba. Wazee wawili walivua kofia. Nilitambua, kwa hofu, kwamba walijua wote. Kila mmoja wao alikuwa ameijua nyumba hiyo tangu zamani, na kila mmoja alikuwa akingoja mwingine aseme.

Ndipo Cucu alipotokea juu ya ukingo. Hakupiga kelele. "Njeru," alimwita baba kwa jina lake, kama mtoto, "dada yako yuko hapo. Anaitwa Wanjira."

Baba alilaza jembe chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyelala. Mwenyekiti alikunja ramani mara nne.  Baba mdogo alichukua kamba, akaanza kuipitisha upande wa kushoto, kufuata njia. Walichimba mpaka jua likazama, na mtaro ukapinda nusu duara. Mpaka leo bomba limepinda hapo, na fundi mgeni akija kulitengeneza huwatukana waliolipima.

Mwaka uliofuata niliacha shule, kwa sababu ambazo ni hadithi nyingine isiyo na uzuri wowote, nikaanza huku kutangatanga kwangu. Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba siku hiyo niliwaokoa wafu. Hata nilidhani ndilo jambo la maana zaidi nililowahi kufanya kwa kalamu.

Lakini nilikuwepo maji yalipofunguliwa, na niliona jambo ambalo sikulielewa. Akina mama walikuwa wamepanga mitungi yao bombani, wakiimba. Cucu alijaza mtungi wake mchana kweupe, akajitwika, akashika njia ya kurudi nyumbani. Alipofika kwenye kona hakuzunguka. Alipita katikati. Nyasi zilimfunika, na kuimba kukakoma. Tulingoja. Nadhani alitua mtungi akapumzika, kama mtu anavyopumzika kwake. Kisha tukamwona ametokea upande wa pili, akipanda mlima bila kuangalia nyuma, na nyuma yake nyasi zimelala, zimeacha njia nyembamba iliyonyooka.

Wafu hawakuwa wakihitaji msaada wangu. Mtu aliyekuwa amezungukwa miaka yote hiyo, na watu wote, kila siku, kwa adabu kubwa, alikuwa Cucu.