Shangilio Kabla ya Injili

Kwaya nzima inamwita Redio. Ni fundi cherehani, mjane, na kwa miaka mingi ndiye aliyeimba shangilio kabla ya Injili bila kushika kitabu.

Ndiyo maana Jumapili ya pili ya Kwaresima, aliposimama mimbarini na kuimba "Aleluya", kanisa liliduwaa. Neno hilo huwekwa kando tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka. Mahali pake huimbwa "Sifa kwako, ee Kristo". Watoto wa mafundisho wanalijua hilo. Waumini wengine waliitikia kwa mazoea, wengine wakatazamana. Padre aliinamisha kichwa kuficha kicheko.

"Redio leo imekamata stesheni ya Pasaka," mwalimu wa kwaya alimtania nje.

"Na nyie mkaitikia. Mngenyamaza ningepotea peke yangu."

Walicheka, naye akacheka. Nyumbani hakucheka. Marehemu mama yake alianza hivyo hivyo, neno moja kukaa mahali pa jingine. Alipoita sufuria "mwavuli", familia ilicheka mpaka machozi. Baadaye akawa anamwita Redio, binti yake mwenyewe, "dada", na kumuuliza kwa heshima atarudi kwao lini.

Wiki ile, katika chumba chake cha kushonea, alibandika mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, akaufumua haraka kabla mwenye nguo hajaingia. Kosa la kawaida, alijiambia. Hakuna fundi asiyewahi kulifanya. Kisha akajaribu kukumbuka yeye alilifanya lini mara ya mwisho, akashindwa.

Binti yake, anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo hiyo, alimkuta anapiga pasi huku akinong'ona.

"Mama, unasali au unakariri?"

"Vyote. Niache."

Jumapili ya tatu aliimba sawasawa, na watu wakasahau. Hawakujua kwamba alipofika mimbarini maneno yote mawili yalikuwa yamemkaa ulimini, na hakujua lipi ni la siku ile. Alimtupia padre jicho. Kasula, vazi lake la juu, ni ya zambarau, altare haina maua: basi ni Kwaresima. Akaanza.

Juma zima lililofuata alitembea na ujanja huo kama mtu aliyeficha ufunguo wa akiba. Asipokumbuka, atatazama.

Lakini Jumapili ya nne si kama nyingine za Kwaresima. Kanisa hulegeza toba kidogo. Maua hurudi altareni, na padre huvaa rangi ya waridi. Fundi alilijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa pindo la kasula ile alilishona mwenyewe.

Kinanda kilimpa sauti. Akatazama. Aliona nguo ya waridi, akaona pindo limeshonwa vizuri. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Kinanda kikarudia. Midomo ikabaki imefumbwa.

"Sifa kwako, ee Kristo," sauti ilianza kutoka kwenye kwaya. Ilikuwa ya binti yake. Wengine wakadakia, na fundi akasimama wima mpaka mwisho, kana kwamba walipanga hivyo.

"Redio, betri zimekwisha?" mwalimu wa kwaya aliuliza baada ya misa.

Alimshika binti yake kiwiko, wakasogea hadi ukutani.

"Ulijuaje nimekwama?"

"Nilikuona unamkodolea macho padre. Na Jumapili iliyopita ulimkodolea vile vile."

"Bibi yako alianza hivi."

"Najua, mama. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Basi nimekuambia. Kesho omba ruhusa kazini unipeleke hospitali." Aliuachia mkono wa binti yake, akanyoosha kilemba chake. "Ila usinijibie. Daktari akiniuliza kitu, niache nijibu mwenyewe, hata nikikosea."