Futari ya Jumamosi Asubuhi

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa sababu nilichoka kupanda ngazi za nyumba yetu ya Kibokoni nikihema kama mtu aliyebeba gunia. Mwanzo nilitoka baada ya sala ya alfajiri, nikaenda mpaka Ngome ya Yesu na kurudi, nimevaa suruali pana, kanzu fupi na mtandio niliobana kwa pini. Mwaka haukuisha nikawa nakimbia saa nzima bila kusimama. Mwaka wa pili, kila Jumamosi nilikimbia kwa muda wa saa mbili: Mama Ngina, Likoni kwenye feri, nikapandisha Mbaraki na kurudi mjini maduka yakifunguliwa. Sikuwa na mwalimu, na sikuona haja ya kuwa naye.

Kosa langu lilikuwa tumboni. Nilijiaminisha kwamba nikila baada ya kukimbia nitakuwa nimejirudishia yale yale niliyoyatoa kwa jasho. Kwa hiyo nilioga, nikanywa chai ya rangi isiyo na sukari, nikavaa buibui langu na kwenda kazini.

Mimi ni karani wa ghala huko Shimanzi. Lori haliondoki mpaka nihakikishe mzigo ulio ndani ndio ulioandikwa kwenye hati. Ni kazi ya macho na akili, na nimeifanya miaka kumi na minne. Jumamosi moja, baada ya kukimbia masafa marefu kuliko siku zote, nilisimama uwanjani jua likiwaka, nikaona nambari za kontena zinaogelea. Nilitia sahihi, dereva akaondoka. Alipofika Mariakani ndipo ilipojulikana kwamba duka lililongoja mchele lilikuwa linapelekewa sabuni.

Meneja aliniita ofisini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma.

"Dada, wewe hukosei," alisema. "Leo una nini?"

"Nimechoka kidogo."

"Umechoka na nini, saa tano ya asubuhi?"

Ningemwambia nini? Kwamba nimezunguka nusu ya kisiwa kabla yeye hajaamka? Lori lilirudishwa, mzigo ukabadilishwa, nami nikabaki kazini mpaka jioni, ingawa Jumamosi tunafunga saa saba. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeamua jambo moja: kukimbia siachi. Kitakachobadilika ni kingine.

Jumamosi iliyofuata niliamua kula, na nikala kwa pupa. Nikitoka Mbaraki nilipita Mwembe Tayari, abiria wa mabasi ya bara wakipata chai, nikanunua viazi karai vya moto vinavyochuruzika mafuta na bajia, nikala nimesimama. Nilipofika mlangoni kwetu vyote vilitoka. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ambaye tunaishi naye peke yetu kwa kuwa mwanawe huwa melini miezi mingi, alinikuta nimejishikiza ukutani.

"Una mimba?" aliuliza.

"Mama, na umri huu?"

"Basi una nini?"

Nikamweleza yote, la chai, la sabuni na la viazi karai. Nilitarajia aniambie niache kukimbia, kwani majirani walishaanza kumuuliza mkwewe anamkimbia nani. Alinisikiliza huku ananimwagia maji mikononi, kisha akacheka.

"Mwanangu, wewe hujui kufuturu?"

"Najua, mama."

"Ramadhani ukishinda na njaa mchana kutwa, magharibi wafungua kwa biriani?"

"Hapana. Kwa tende na maji. Kisha uji."

"Kisha?"

"Kisha twasali, ndipo tukala."

"Na ukishakula watapika?"

"Sijatapika hata siku moja."

"Haya. Umekimbia saa mbili hujala kitu tangu jana usiku. Hiyo si saumu? Basi futuru kama watu."

Nilikaa pale kwenye kizingiti nikajiona mjinga. Kila mwaka, tangu utotoni, nilikuwa nikiurudisha mwili wangu kutoka kwenye njaa na kiu kwa utaratibu ninaoujua vizuri, na haikunijia hata mara moja kwamba mwili wa Jumamosi asubuhi ni ule ule.

Tulianza Jumamosi iliyofuata. Nilipoingia tu, kabla sijavua viatu, alinipa tende tatu na bilauri ya maji ya dafu aliyotia chembe ya chumvi. Nikakaa, pumzi zikatulia. Kisha uji wa mtama wenye maziwa na sukari kidogo. Nikaenda kuoga, nikavaa, na nilipotoka njaa ya kweli ilikuwa imefika, ile njaa tulivu ya mtu mzima wa afya. Mezani palikuwa na mkate wa mofa, mbaazi na yai la kuchemsha. Nilikula nikashiba, nikaenda kazini. Saa nne ilipofika nilikuwa nimesimama uwanjani pale pale, jua lile lile, nazisoma nambari za kontena kutoka mbali.

Hatukupatia yote siku hiyo moja. Mbaazi za nazi nzito zilinilemea, tukazipunguzia nazi. Viazi vitamu vya kuchemsha vilinikubali kuliko muhogo. Siku za joto kali la kaskazi dafu moja halikutosha, nikajifunza kuendelea kunywa kidogo kidogo mpaka adhuhuri. Na niligundua mwenyewe kwamba nikila ndizi moja kabla ya kutoka, narudi nikiwa na nguvu zaidi miguuni. Mavyaa alipinga hilo la ndizi. Nikamwambia hata saumu ina daku. Kesho yake alirudi sokoni na chane ya ndizi, na nilifurahi siku nzima, kwa sababu kumshinda kwa maneno si jambo la kila siku.

Baada ya miezi mitano nilikizunguka kisiwa chote. Nilitoka Kibokoni, nikapita Mama Ngina, Likoni, Mbaraki, nikakata katikati ya vumbi na malori ya Shimanzi, Makupa, Tudor, hadi nikaibukia chini ya daraja la Nyali na kurudi mtaani kwetu. Kwenye lango la ghala letu mlinzi alinitambua, akapiga saluti. Niliirudisha bila kupunguza mwendo.

Jumatatu yake meneja aliniuliza kama ni kweli alilosimuliwa na mlinzi. Nikamwambia ni kweli. Alinitazama, halafu akashika tumbo lake.

"Na mimi naweza?"

"Unaweza. Lakini kwanza niambie, asubuhi huwa unakula nini?"

Akasema kahawa na sigara. Nilivuta kiti nikakaa, maana mazungumzo hayo yalihitaji muda.