Ndege ya Bingwa wa Matofali

Siku zile niliamini kabisa kwamba mtu akiijaza namba ya alama za mchezo wa matofali kwa tisa tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye kiwanda cha mchezo huo huko ng'ambo humwona palepale, nao hutuma ndege kumchukua. Anapewa kiti, soda baridi na kazi ya kujaribu michezo mipya mpaka azeeke. Na ndege hiyo ingetua wapi kama si kwetu Kamina, kwenye kiwanja kikubwa cha kambi? Nusu ya Zaire ilikuwa inalisema jambo hilo. Nusu nyingine ilikuwa haijalisikia bado.

Msinicheke haraka. Mchana nilikuwa kibarua wa kubeba matofali ya kuchoma, kutoka tanuru hadi kwa waashi, mpaka nikadhani shingo imezama kifuani. Jioni shule, usingizi umenikalia kichwani kama kofia. Katikati ya hayo mawili tulipita, mimi na vibarua wenzangu, kwa mama mmoja, mke wa askari, aliyeuza samaki wakavu wa ziwani Kinkondja karibu na lango la kambi. Mume wake alikuwa amemletea kutoka Kinshasa kile kimashine cha mkononi, chenye kioo ambamo vitofali huanguka nawe unavipanga safu. Ndiyo, matofali tena. Lakini haya hayakuwa na uzito.

Sheria ya mama ilikuwa moja: anayetaka kucheza alete betri. Na nani alikuwa na betri mpya? Tulizianika zilizokufa juu ya bati lake, kando ya samaki, jua likazifufua kwa mchezo mmoja, labda miwili. Askari, wake zao, watu wa vijijini walioleta mihogo, wote tulikaa juu ya magunia tukimpigia kelele anayecheza. Kibarua mwenzangu, tuliyeketi naye dawati moja shuleni, ndiye alikuwa na mdomo mbaya kupita wote. Kila mtu alimwita Citoyen, raia, kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyen, ile briki unaiweka wapi? Hivi njo unajengaka nyumba ya batu?"

"Nyamaza, minyi niko nahesabu," nikamjibu.

"Hesabu yako tunaijua. Mwalimu anaililia."

Jioni moja betri za batini ziligoma zote. Mama akatoa zile za redio yake. "Munirudishie leo leo," akasema. Mume wake alikuwa ametumwa mbali, na redio ndiyo ilikuwa inamwambia huko alikokwenda kukoje.

Sijui nini kiliingia vidoleni mwangu. Nilicheza mpaka jua likachoka kunitazama. Tisa, tisa, tisa, mpaka mwisho! Kelele zetu zilisikika mpaka mji wa Kabongo, naapa.

Ila mashine ile ukiitoa betri husahau kila kitu. Basi nikamsihi mama asizitoe mpaka ndege ije. Akaziacha, akanipa kimashine nikilinde. Tangu hapo kila jioni aliitazama redio yake iliyo kimya, akanitazama mimi, akaendelea kupanga samaki.

Hatimaye nikiwa tanuruni nikasikia mngurumo. Nikatua matofali, nikanawa kwenye pipa, nikaazima viatu vya mwenzangu, nikakimbia na kimashine kwapani. Mama nilimkuta uzioni tayari, amevaa kitenge chake cha misa. Nikafurahi: kumbe amekuja kuniaga!

Mlango wa ndege ukafunguka. Magunia ya mchele yakashuka. Wakashuka askari wachache, nyuso zao zimekunjamana. Hakuna aliyeuliza bingwa ni nani. Mama alimtazama kila mmoja mpaka wa mwisho, kisha akaketi kwenye majani.

"Hayuko," akasema.

"Nani, mama?"

"Bwana yangu."

Nikaketi kando yake. Tanuru lote halijawahi kunichosha namna ile. Hata hivyo mdomo wangu ukasema, "Tungojee ingine, mama. Pengine bale ba kiwanda hawajaona namba."

Akakichukua kimashine, akakigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma, kidole chake kikasimama juu ya betri.

"Ndugu, angalia muzuri. Hii kintu haina waya, haina antenne. Redio njo inasikia batu ba mbali. Hii iko inacheza peke yake. Ile namba yako tuliiona sisi tu."