Shemeji Silvano na Mwito wa Kwanza

Silvano, aliyemwoa dada yangu Klara, ni mtu wa kijiji cha Gare huku milimani, na ukitaka kumjua usianzie kwenye ndege. Anzia kwenye trekta. Alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la mkonge kule chini Mnazi, tangu shamba likiwa la serikali na matrekta yakilala juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Likaja soko huria, shamba likauzwa, akalinunua mfanyabiashara wa Tanga aitwaye Mbaraka, mtu wa haraka ambaye hakutaka kula vumbi barabarani siku nzima. Mbaraka akanunua kindege kikuukuu cha watu wanne, akajifunza kukirusha mwenyewe. Sukari ilipoanza kumla macho, akawatazama wafanyakazi wake wote, na kidole kikamwangukia Silvano. Akampeleka chuo cha urubani, akarudi na leseni ya rubani binafsi. Mshahara aliendelea kulipwa wa ufundi, maana leseni ile haimruhusu mtu kulipwa kwa kuruka.

Watu wa Gare walifurahi kuliko yeye. Mimi nilimcheka, shemeji ni mtani, nikamuuliza mtu aliyezaliwa mlimani anatafuta nini tena huko juu. Dada yangu hakucheka. Klara aliogopa tangu siku ya kwanza, na hofu yake ilikuwa na sababu: Silvano alikuwa haitiki. Mtu wa mnara wa kuongozea ndege akimwita redioni, kimya. Akiitwa tena, ndipo anajibu. Malalamiko yalimfikia Mbaraka zaidi ya mara moja. Na angani ukiitwa ujue kuna jambo. Pengine ndege nyingine inakuja mbele yako. Asiyeitika anaweza kugongana na mwenzake huku kila mmoja akitazama mawingu. Kila injini ilipopita juu ya Gare, Klara aliacha jembe akainua uso mpaka sauti ipotee.

Silvano alisema kosa ni la hedseti. Ile ya kwenye ndege ilikuwa ya kubana kichwa, makopo mawili ya plastiki na chuma kinachopita utosini. Naye alikuwa ameanza kuvaa miwani, mikono ya miwani ikawa inasagwa kati ya kopo na fuvu. Kichwa kinagonga, anasogeza kopo moja nje ya sikio apate nafuu, na hapo mngurumo wa injini unameza kila kitu. Maneno yalikuwa na maana. Mbaraka akayakubali, Klara akayakubali, na mimi Mika, fundi redio pale sokoni Lushoto, nikayakubali kuliko wote kwa sababu yaliniletea kazi ya kujivunia.

Siku hizo kila mwenye chochote alikuwa anakwenda Dubai kuchukua mali. Mbaraka naye akaenda, akarudi na hedseti mbili za marubani, ndogo, za kuchomeka ndani ya masikio. Moja ingechaguliwa, nyingine ingerudi dukani ilikotoka. Silvano akaniletea zote mbili nimsaidie kuchagua. Kabla sijazifungua, Klara akaingia dukani na kanga begani, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mika, usimchagulie nzuri," akasema. "Mchagulie ile atakayoivaa mpaka asahau kuwa ameivaa. Akiitoa huko juu, mimi ni mjane."

Basi nikaichukua kazi ile kwa uzito. Ya kwanza ilikuwa na ncha za mpira, vikofia vitatu vimepandana. Ya pili ilikuwa na ncha za sponji. Unaiviringisha kwa vidole mpaka inasinyaa, unaichomeka, halafu unasubiri ivimbe ndani ya sikio polepole. Tukagundua sikio lake la kushoto lina tundu dogo kuliko la kulia, jambo ambalo hata mama yake hakulijua, kwa hiyo kila upande ulihitaji saizi yake. Waya ulikuwa mzito, ukivuta sikio kila anapogeuza shingo, nikaubana kwenye kola ya shati kwa kibanio. Maiki ilikaa kwenye kijiti chembamba mbele ya mdomo. Na miwani ikawa huru.

Lakini starehe ya dukani si starehe ya safari. Kwetu hapa mtu akishuka Mombo masikio yanaziba, lazima umeze mate yafunguke. Nikaona hapo ndipo pa kuijaribu. Nikamwomba dereva wa lori la kabichi atuchukue, na Silvano akashuka milima ile yote, kona baada ya kona, hedseti masikioni na kijiti mdomoni, anatafuna muhogo wa kuchoma kama nilivyomwamuru. Tuliposimama Soni mama mmoja muuza matunda akampa pole ya masikio na kumwelekeza kwa mganga. Ya mpira ilimtesa. Chini ya Soni ilikuwa imenyonya sikio mpaka machozi yakamtoka. Ya sponji tuliijaribu safari iliyofuata, ikapumua vizuri, akafika Mombo anapiga miayo. Nikasema tumepata.

Kitu kimoja tu kilinishangaza, nikakipita. Siku ya kwanza kuvaa ile ya sponji dukani, niliiunga kwenye mashine yangu ya majaribio, nikasema neno moja kwenye maiki. Silvano akaruka kitini, akaichomoa, uso umempauka.

"Inauma?" nikamuuliza.

Akasema haiumi. Akasema sauti imeingia ndani ya kichwa, haikutoka popote. Nikamwambia ndiyo uzuri wake, mgosi wangu, na nikacheka peke yangu.

Mwisho wa juma lile nilipanda Gare kwa chakula kwa mama yake. Watu humwita Mama Yohane, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ingawa Yohane hayupo. Alikufa kijana, Silvano akiwa bado mdogo. Nilijua kwamba alianguka kwenye jabali siku ya ukungu, basi. Wa Gare hawaisemi habari ile, nami mtu wa mjini sikuwa nimeuliza.

Tukiwa mezani ukungu ukashuka. Ulikuwa mchana, lakini mlango uliokuwa wazi ukawa mweupe mtupu, hata mgomba wa uani hauonekani. Ndipo sauti ikaita kutoka njiani, mara moja, jina la Klara. Nilifungua mdomo niitike kwa niaba yake. Mama Yohane akanidaka mkono kwa nguvu nikaumia. Nikatazama meza nzima: Silvano kimya, Klara kimya, watoto wameganda na ugali vidoleni, wote macho mlangoni. Hakuna aliyepumua. Sauti ikaita tena, na hapohapo kila mtu akaitika kwa pamoja, akaingia jirani kuomba moto.

"Katika ukungu mtu huita mara mbili," Mama Yohane akaniambia, akiuachia mkono wangu. "Anayeita mara moja si mtu. Yohane aliitika mara ya kwanza, akatoka."

Nikaona haya kucheka. Lakini nilipokuwa nateremka kurudi Lushoto niliyaona mambo ya wazee tu, na nikayasahau. Laiti ningekuwa na akili ya kuunganisha mawili na mawili.

Klara hakuridhika na lori la kabichi. Alitaka nipande ndege yenyewe, nikae kando ya mume wake, nione kwa macho yangu akiitwa na kuitika. Mimi naogopa hata kupanda ngazi ya kawaida, nasema bila aibu. Nilitafuta kila udhuru. Mwishowe ikapatikana safari ya Tanga kufuata kipuri cha pampu, na Klara akanisindikiza hadi Mnazi ili nisitorokee njiani. Nikavikwa hedseti ya zamani, ile ya makopo. Silvano akaviringisha sponji zake, akazichomeka, akasubiri zivimbe, akabana waya kwenye kola. Akanionyesha kidole gumba. Alionekana mtu aliyestarehe kabisa, na mimi nikaomba Baba Yetu kuanzia mwanzo.

Mwanzoni kulikuwa kweupe na kuzuri. Mkonge chini umepangwa mistari, milima mkono wa kulia. Silvano aliniambia kwamba injini sasa haisikii sana kwa masikio, anaisikia kwa makalio, kupitia kiti, na kwamba kichwa hakimgongi hata kidogo. Nikaanza kujipongeza. Halafu mawingu yakateremka kutoka milimani. Leseni yake haimruhusu kuingia mawinguni, kwa hiyo akashuka apite chini yake, nayo yakazidi kushuka, naye akazidi kushuka, mpaka vikaanza kupita vipande vya ukungu mbele ya kioo. Milima ikapotea. Mkonge ukawa unaonekana na kupotea.

Hapo ndipo mnara ukaita. Mwito ulikuja safi, hata mimi na makopo yangu niliusikia: herufi za ndege yetu, kisha swali, tuko urefu gani kutoka ardhini. Niligeuka kumtazama Silvano nikitegemea mdomo ufunguke. Haukufunguka. Na alikuwa amesikia. Shingo ilikakamaa, vidole vikaganda kwenye usukani, macho yakautazama weupe ule wa mbele vilevile yalivyoutazama mlango wa Gare.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Hedseti haikuwa na kosa, wala ile ya zamani haikuwa na kosa kubwa hivyo. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa anasikia, anasubiri aitwe mara ya pili. Na sisi tulikuwa tumekwenda kumtafutia kifaa kinachomletea sauti ndani ya kichwa, bila mkwaruzo, bila mngurumo, bila chochote cha kumwonyesha kwamba hii ni redio na yule ni mtu aliyekaa kwenye kiti huko Tanga.

Mara ya pili haikuja. Yule wa mnara alipoanza kuita tena, mtu mwingine akaingia hewani wakati uleule, sauti mbili zikagongana, ukabaki mluzi mtupu. Mluzi ulipokatika nikadaka mkia wa maneno ya yule mwingine. Alikuwa rubani. Ametoka Tanga, yuko chini ya mawingu, anaelekea Mnazi. Chini ya mawingu yapi? Yaleyale, kwenye kile kijinafasi kilichobaki kati ya wingu na ardhi, na sisi tumo humohumo tunakwenda kumkabili.

Nilidhani ninakufa. Niliwaona watoto wa Klara, niliona meza yangu ya dukani na redio za watu zisizokwisha kutengenezwa. Nikaita kwenye maiki.

"Silvano."

Hakugeuka. Hata kope hazikucheza. Ndipo nikakumbuka, nikaita tena kwa sauti ileile.

"Silvano."

Akashtuka. Kidole kikabonyeza kitufe, akataja herufi zetu na urefu wetu. Mnara ukajibu kwa haraka isiyo ya kawaida: geuka kulia, sasa hivi. Akageuza. Kindege kikalala upande mpaka nikawa natazama mkonge kupitia dirisha langu, na kushoto kwetu, juu kidogo, kitu cheupe na chenye mabawa kikapita ndani ya ukungu. Niliyaona matairi yake. Kisha hapakuwa na kitu tena, ila injini yetu na mimi nikilia.

Tulipotua Tanga Silvano hakushuka. Alikaa na hedseti masikioni, injini imezimwa. Nami nikakaa.

"Nilimsikia," akasema.

Nikamwambia najua.

"Yohane alituambia sauti iko kichwani mwake, haitoki popote. Mimi nilikuwa nimekaa naye mlangoni, Mika. Akaitika, akatoka, na mimi nilimwacha aende."

Nilimuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza kama hedseti inaumiza.

"Haiumizi," akasema. "Ingeumiza ningekuwa na kisingizio cha kuwaambia."

Kurudi tulirudi kwa barabara, kwa amri yangu, na ndege ikaja kufuatwa baadaye hali ya hewa ilipokuwa nzuri. Mbaraka aliambiwa ukweli na Silvano mwenyewe. Nilidhani atamfukuza. Akasema atampa nafasi moja, na asipoitika mara ya kwanza, funguo za ndege azirudishe. Nilipofika, Klara aliutazama uso wangu, akakaa chini.

Kabla Silvano hajaruka tena tulikuwa wote Gare, kwa Mama Yohane, isipokuwa mama mwenyewe, aliyekuwa amekwenda shambani kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ukashuka. Ulikuwa mzito, mlango ukawa mweupe kama siku ile. Watoto wakasogeleana bila kuambiwa. Ndipo ikaja sauti kutoka njiani, ya mwanamke, mara moja.

"Silvano, wee!"

Klara aliacha mwiko ndani ya chungu. Mimi nilishika ukingo wa benchi. Sikuamini mambo yale, nawaambia, na nywele zilinisimama. Silvano alikuwa amefumba macho. Akaitika.

"Naam!"

Nje kukawa kimya. Hakuna aliyejibu, hakuna hatua, na kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mtoto mdogo akaanza kulia. Kisha tukasikia mzigo ukianguka, na Mama Yohane akatokea mlangoni bila majani, bila mundu, kanga imemdondoka kichwani.

"Umeitika," akasema.

"Nimeitika, mama."

"Ulijuaje kuwa ni mimi?"

"Sikujua."

Akaingia, akasimama mbele ya mwanawe aliyebaki. Akamfunika masikio yote mawili kwa viganja vyake, viganja vyenye udongo na umande, akayabana hivyo. Silvano hakumwondoa mikono.