Kile Mpira wa Wafungwa Ulichopasua Tumboni Mwangu

Ejok. Nawasalimu nyinyi wote mnaosoma. Mimi naitwa Ata Nakwang, wa hapa Lodwar. Ata ni nyanya kwa Kiturkana, na hata watoto wa watu wengine wananiita hivyo. Shule niliyosoma ni ile ya watu wazima tu, kwa hiyo msinitafutie makosa. Naandika kwa sababu mpaka leo kuna watu wanasema mfungwa aliniloga kwa mpira. Huo ni uongo. Nitasema ugonjwa wangu ulivyoanza, ulivyotaka kuniua, na nilivyopona. Nitasema pia sehemu ya yule mfungwa, kwa sababu jina la mtu si kitu cha kuchezea, hata kama mtu huyo ni mwizi.

Zamani nilikuwa na nguvu. Nilisuka vikapu vya majani ya mkoma, nilibeba kuni mimi mwenyewe, nilifuga mbuzi. Nilikuwa na mbwa, Simba, mbwa mzuri, mkali kwa fisi. Maji kwetu ni ya shida. Sufuria nilimpa Simba ailambe kwanza, halafu naipangusa na mchanga, imekwisha. Mama yangu alifanya hivyo. Watoto wangu wakijichafua, mbwa ndiye aliwasafisha. Hakuna mtu aliona ajabu.

Tumbo lilianza kidogo, upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwanza nilifikiri nimenenepa. Nikacheka. Mwanamke wa hapa anenepe na ukame huu? Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Likawa gumu, la mviringo, kama la mimba ya miezi sita, na mimi nywele zangu nyeupe. Chakula kikawa hakishuki. Nikila kidogo nashiba mpaka shingoni.

Halafu likaanza jambo ambalo sikumwambia mtu. Mchana mmoja nilikuwa nimeketi kivulini, hakuna upepo, hakuna hata nzi. Nikaligonga tumbo kwa kidole, upande huu. Upande wa pili ukajibu. Ulitetemeka, polepole, halafu ukatulia. Nikagonga tena. Likajibu tena. Tangu siku hiyo nikawa nagonga kila siku, na kila siku linajibu. Mwisho nikaanza kuongea nalo. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nalisalimia.

Wanawake wa mtaani walisema ni mtoto aliyelala, amekataa kuzaliwa. Binti yangu Esther, anayeuza nguo Kakuma, alikuja akanitazama akasema, "Mama, twende hospitali."

"Kufanya nini?"

"Wakupige picha."

"Mimi si mtalii wa kupigwa picha."

Badala yake nikaenda kwa emuron, mzee wetu mwenye kuona mambo. Alirusha viatu vyake chini mara tatu, akavitazama vilivyoanguka, hakupenda. Akataka mbuzi mweusi. Mbuzi alipochinjwa, mzee akapasua tumbo asome matumbo, na sisi wote tukaona ini. Lilikuwa na vifuko vyeupe vya maji, vingi, vinang'aa kama macho ya samaki. Yule mzee ana maneno mengi, lakini siku hiyo alichukua kisu tu. Akalikata lile ini bovu akamtupia Simba. Simba akala. Tulisimama tukamtazama akila mpaka akamaliza, na mimi mkono wangu uko juu ya tumbo langu, na ndani kunatetemeka.

Mzee akasema tu, "Nenda nyumbani, mama. Hii mimi siijui."

Sasa nije kwa Lokwang. Lokwang ni mtoto wa jirani. Aliniibia mbuzi saba. Nilimwona kwa macho yangu, nikaenda kortini nikasema, akafungwa. Mama yake hajanisalimia tangu siku hiyo. Sawa.

Jela yetu ina timu ya mpira, na timu hiyo inacheza ligi ya mtaa. Mechi zote wanacheza kwa uwanja wao, nje ya ukuta, kwa kuwa mfungwa hasafiri. Timu za mjini zinakuja, za Kakuma na Kalobeyei zinakuja. Lokwang alikuwa beki. Na mimi kila mechi nilikuwa pale, nimekaa kwa mtungi wangu wa plastiki, karibu na mstari. Mpira siujui. Nilikuwa naenda kuhakikisha bado amefungwa.

Ni mahali pa ajabu. Watu wa timu ngeni wanaimba, wanapiga ngoma. Wafungwa wanaotazama wameketi chini kwa safu, watano watano, na nguo zao za mistari, wamenyamaza. Timu yao ikifunga goli hawaruhusiwi kuinuka. Wanapiga makofi wakiwa wameketi, wote pamoja, na wanaacha wote pamoja, kama mtu amefunga mlango. Uwanja umezungushiwa mstari wa jivu. Mchezaji wa jela akivuka ule mstari bila ruhusa ya askari, anahesabiwa anatoroka. Mpira ukitoka nje, wafungwa wanasimama wanangoja watu warudishe. Askari wana bunduki, na si za kutishia ndege.

Siku hiyo walicheza na vijana Wakongo, wakimbizi wa Kalobeyei. Jua lilikuwa juu kabisa, watu hawana kivuli. Tumbo lilikuwa zito. Nikaligonga, na kwa mara ya kwanza halikujibu. Lilikuwa kimya, limekaza. Nikainua macho. Nikaona Lokwang ana mpira, na ananitazama mimi.

Akapiga.

Ulinipata hapa, chini ya mbavu. Nilisikia kitu ndani kinapasuka, si kwa sauti ya nje, ni sauti unayoisikia kwa mifupa. Halafu joto, kama mtu amemwaga chai tumboni. Maumivu yalipanda mpaka begani. Kabla sijalia, ngozi ikaanza kuwasha, mikono, shingo, nyayo. Uvimbe ukatoka mwili mzima kama nimeumwa na nyuki. Midomo ikajaa. Koo likafunga. Nikaanguka kutoka kwa mtungi nikabaki natazama juu, na mbingu ilikuwa nyeupe.

Ngoma za Wakongo zikakatika. Mama mmoja wao akainama juu yangu akasema, "Muache apate hewa. Iko napumua, lakini kidogo."

Halafu nikasikia sauti ya askari. "Lokwang! Rudi ndani ya mstari!"

Nikasikia bunduki ikikokiwa.

Lokwang alikuwa amevuka. Niliona miguu yake, ina jivu. Hakukimbia kwenda barabarani. Alipiga magoti, akaniweka begani kama mtoto wa mbuzi, akatembea moja kwa moja kuelekea kwa bunduki, kwa kuwa lori la jela lilikuwa nyuma ya askari. Nyuma yetu wafungwa wote walikuwa wameinuka. Hakuna aliyewaambia wainuke. Walisimama kwa safu zao, watano watano, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti.

"Afande," Lokwang akasema, "nipige, lakini huyu afike hospitali kwanza."

Yule askari, Sajini wao, akashusha bunduki. Waliponipandisha kwa lori, alihesabu kwa mazoea yake, kwa kidole. "Mmoja." Akaninyoshea mimi. "Wawili." Nikajua nimehesabiwa pamoja na wafungwa. Nikaona wale wa safu wanasogea, wananiachia nafasi ya kukaa. Hawakuwa kwa lori, walibaki uwanjani. Lakini niliwaona.

Hospitalini walinidunga sindano pajani, wakaweka maji kwa mshipa, wakanifunika pua na hewa. Koo likafunguka. Walisema ningechelewa kidogo, basi. Waliponipiga picha ya tumbo, ile ambayo mimi niliicheka, wakaitana waje waone. Kesho yake gari la wagonjwa likanipeleka Kakuma, kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa huko wakati huo. Esther alikuwa mlangoni, hajafunga hata kitambaa cha kichwa.

Daktari alikuwa kijana, ndevu hazijajaa. Akaniuliza, "Ata, una mbwa?"

Nikasema, "Daktari, mimi nimekuja na tumbo, si na mbwa."

Akasema, "Jibu tu."

Nikajibu. Akauliza kuhusu sufuria. Akauliza tukichinja mbuzi mbovu, ini tunalipeleka wapi. Hapo nikamkumbuka yule mbuzi wa emuron. Niliona Simba akila, na sisi tukitazama.

Akanieleza hivi. Kuna mnyoo mdogo anaishi kwa tumbo la mbwa. Mayai yake yanatoka na mavi ya mbwa, yanashika manyoya, ulimi, sufuria, mikono. Mtu akiyameza, yanakaa kwa ini, yanajenga mfuko wa maji. Mfuko unakua miaka na miaka. Mbuzi pia anapata, na mbwa akila lile ini, mnyoo anaanza upya. "Mpira ulipasua mfuko," akasema, "na maji yake ni sumu kwa mwili."

"Kwa hiyo nilikuwa nalisha nini?"

"Ulikuwa unakilisha hicho kitu mwili wako mwenyewe, Ata."

Nikamwuliza kama bila mpira ningekaa nacho. Akasema, hapana, mfuko ule ulikuwa umekaza sana, ungepasuka hata kwa kuinama. "Ungepasuka porini na mzigo wa kuni mgongoni, nani angekubeba?"

Walinipasua. Nina kovu kutoka kifuani mpaka kitovuni. Nilipoamka niliomba kuona kilichotoka. Esther alikataa, mimi nikasema mimi ndiye niliyekizaa. Wakaleta beseni. Mlikuwa na ngozi nyeupe kama ya yai la kuchemsha, na ndani yake mipira midogo midogo ya maji, mingi sana, mingine kama ndimu, mingine kama punje ya mtama. Na mingine ndani yake ilikuwa na mingine. Esther alitoka nje akatapika. Mimi niliitazama. Hiki ndicho nilikuwa nasalimia.

Usaha ulitoka siku nyingi kwa mrija waliouweka ubavuni. Sikuweza kucheka wala kukohoa. Nilipewa vidonge vya minyoo, na si vya siku moja kama vya watoto wa shule, ni vya miezi. Daktari alisema maji yaliyomwagika yana mbegu, nikiacha dawa zitaota. Vilinifanya nywele zidondoke. Nilimeza vyote. Mara ya mwisho waliponipiga picha, waliona kitu kimoja kidogo bado kiko ndani, kama kokoto. "Kimekufa," daktari akasema. "Kitakaa hapo tu." Basi kikae.

Nilipoweza kutembea, Esther akaniambia ambalo alikuwa amenificha. Timu ya jela ilikuwa imetolewa kwa ligi. Lokwang alikuwa amefungiwa peke yake, na alikuwa anangoja kuongezewa kifungo kwa makosa mawili: kunipiga makusudi, na kuvuka mstari. Mtaani walikuwa wanafurahi, wanasema mchawi amepatikana.

Nikaenda jela. Mkubwa wa jela alinipa kiti. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla sijasema, niletee huyo kijana."

Lokwang aliletwa amekonda. Nikamwuliza mbele ya mkubwa wake, "Ulinilenga?"

"Nililenga karibu, Ata. Kila mechi ulikuwa pale unanitazama. Sikuweza kulala. Nilitaka ushtuke, uende kwako."

"Sikushtuka. Nilipasuka."

"Ndiyo, Ata."

"Na ulivuka kwa nini? Hukuona bunduki?"

"Niliona. Ulikuwa umenitazama tena, lakini macho yalikuwa si yako."

Ningeweza kusema hakunilenga, aachiliwe. Ningeweza pia kunyamaza. Nikamwambia mkubwa, "Siku ya korti nilisema nilichokiona, na leo nasema hivyo hivyo. Mbuzi aliiba. Mpira alipiga kunitisha, na hilo mwadhibu. Lakini kilichotaka kuniua nilikifuga mimi mwenyewe kwa sufuria yangu, karatasi ya daktari hii hapa. Na ule mstari, alivuka kuja kwenu, si kuwatoroka. Mtu anayetoroka hatembei kuelekea kwa bunduki na mwanamke mzee begani."

Mkubwa alisoma karatasi mara mbili. Akamwita Sajini, na Sajini akasema ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Kosa la mstari likafutwa. Kwa lile la mpira, Lokwang alizuiwa kucheza mechi kadhaa, na timu ikarudishwa. Alipokuwa anatolewa akaniambia, "Ata, sasa hutakuja tena?"

"Nitakuja," nikasema. "Safari hii kutazama mpira. Kwa hivyo jifunze kuupiga."

Sajini ndiye aliyecheka.

Nyinyi mnaosoma, nisikilizeni. Sufuria isilambwe na mbwa. Mtoto asafishwe na maji, hata kama ni kikombe kimoja. Osha mikono kabla ya kula. Ini lenye vifuko lichomwe au lizikwe chini kabisa, na mbwa apewe dawa ya minyoo. Watu waliniambia nimuue Simba. Sikumuua, yeye alikula tulichomtupia. Na ukiwa na uvimbe tumboni, usiulize majirani, usiupe jina. Nenda upigwe picha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari wa ndevu chache na wauguzi walionigeuza kitandani. Namshukuru binti yangu, ambaye alisema ukweli mapema nikamkatalia. Na namshukuru Lokwang, mwizi wa mbuzi wangu, aliyeko jela kwa haki. Jumapili iliyopita mama yake alinisalimia kanisani. Nami nikaitikia.